Kuona ni Somo, na Somo Hili Lina Msimu Wake

Kila siku tunasema kwamba elimu haina mwisho. Wengi wenu ni mashahidi wa maneno hayo. Mlishika kalamu mkiwa tayari na wajukuu, na leo mnasoma gazeti hili bila kusomewa na mtu. Hata hivyo, leo tunazungumzia somo moja ambalo lina mwisho. Ni somo la kuona. Kila mtoto hulianza siku anayozaliwa, kabla hajajua hata kuita mama. Akilikosa katika msimu wake, ni vigumu sana kulirudia.

SWALI LA MAMA MMOJA

Miaka michache iliyopita tulitembelea kikundi cha kisomo katika kijiji kimoja cha Kibondo, kwenye njia iendayo Mabamba. Miongoni mwa wanakisomo alikuwepo mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi mitano hivi. Alipogeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, tuliona kitu cheupe ndani ya mboni ya jicho la kulia, kama tone la maziwa.

Tulimwuliza mama, naye akasema amekuwa akikiona tangu mtoto alipozaliwa. Bibi mmoja akadakia, "Subirini akue. Akikua kitaondoka chenyewe." Mwingine akasema, eti kupasua jicho la mtoto mchanga ni kumwua. Na sisi je, tuliosomea ualimu chuoni? Tulimwambia, "Mpeleke hospitali, mama, baada ya mavuno ya maharage." Tuliona tumetoa shauri jema. Kwa kuwa mtoto alikuwa akitazama vizuri kwa jicho la kushoto, hakuna aliyeona haraka iko wapi.

Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Mtoto alipelekwa hospitali alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza. Akapasuliwa, na weupe ukaondoka. Jicho likawa safi kama la mwenzake. Lakini walipoziba lile jicho la kushoto, mtoto alipapasa kama mtu aliye gizani. Alijua tu kwamba kuna mwanga. Hakuweza kutambua uso wa mama yake.

Mama akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile: "Kama jicho limepona, kwa nini halioni?"

Ndugu wasomaji, tulikwenda kutafuta jibu. Tulikuta kwamba swali hilohilo waliwahi kujiuliza madaktari wawili walioishi mbali sana na Kibondo, na wao walilifanyia kazi kwa miaka mingi. Hebu tuanze kwanza na jicho lenyewe.

JICHO HUPOKEA, UBONGO HUONA

Watu wengi hudhani kwamba jicho ndilo linaloona. Sivyo. Jicho ni kama mlango. Mwanga huingia kupitia mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati. Nyuma ya mboni iko lenzi, ambayo ni kama kioo laini kinachokusanya mwanga. Lenzi ikiingia ukungu, tunasema mtu ana mtoto wa jicho. Nyuma kabisa ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina. Retina ina chembe zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga.

Kutoka kwenye retina, habari husafiri kwa neva ya jicho. Neva hiyo ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba mno, nyuzi kama milioni 1 kwa kila jicho. Habari hizo hupita ndani ya ubongo mpaka sehemu ya nyuma kabisa, pale kwenye kisogo. Weka mkono wako kisogoni. Hapo ndipo unapoonea. Ndiyo maana mtu akiumia vibaya kisogoni anaweza kupofuka, ingawa macho yake ni mazima.

Kama huamini, fanya jaribio hili. Chukua karatasi na kalamu. Chora alama ya kujumlisha upande wa kushoto. Chora doa jeusi upande wa kulia, umbali wa sentimita 8 kutoka kwenye ile alama. Funga jicho la kushoto kwa mkono. Kwa jicho la kulia, tazama ile alama ya kujumlisha peke yake, usiihame. Sasa shika karatasi mbali, kisha isogeze polepole kuelekea usoni. Ikifika umbali wa sentimita 30 hivi, lile doa litapotea! Ukizidi kuisogeza, litarudi.

Doa limekwenda wapi? Pale neva inapotokea jichoni hapana chembe za kupokea mwanga. Kwa hiyo kila jicho lina tundu lisiloona. Lakini wewe hujawahi kuona tundu mbele yako, si ndiyo? Ni kwa sababu ubongo huliziba kwa kukisia rangi ya karatasi iliyo kando. Ubongo haungoji tu kuletewa picha. Unafanya kazi ya kuitengeneza.

VIJANA WAWILI NA NJIA ZAO

Sasa tuwataje madaktari wale wawili. Wa kwanza ni David Hubel. Alizaliwa mwaka 1926 Windsor, nchini Canada, akakulia Montreal. Chuoni alisoma hesabu na fizikia. Kisha akaomba kusomea udaktari, ingawa hakuwahi kusoma somo la biolojia. Akakubaliwa. Akiwa mwanafunzi alianza kwenda katika taasisi ya magonjwa ya ubongo ya mji huo, na ubongo ukamvutia kuliko hesabu.

Wa pili ni Torsten Wiesel. Alizaliwa mwaka 1924 Uppsala, nchini Sweden. Baba yake alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, na familia iliishi palepale hospitalini. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba utotoni alikuwa mvivu wa masomo na alipenda zaidi michezo. Alipokua akawa daktari, akamaliza masomo mwaka 1954. Alitibu watoto wenye matatizo ya akili, lakini hakuridhika. Aliona kwamba madaktari wanatibu ubongo bila kujua unavyofanya kazi.

Tazameni hapo, ndugu wasomaji. Mmoja alitoka kwenye hesabu, na mwingine alikuwa mtoro wa vitabu. Hakuna aliyezaliwa na alama kwenye paji la uso kwamba atakuwa mtaalamu wa kuona.

Wiesel alikwenda Marekani mwaka 1955, katika chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Alifanya kazi chini ya mwalimu aliyeitwa Stephen Kuffler. Mwaka huohuo Hubel aliitwa jeshini. Jeshi lilimweka katika maabara ya utafiti, na huko alipata nafasi ya kutengeneza chombo alichokihitaji. Kilikuwa waya wenye ncha nyembamba kuliko unywele, wa madini magumu ya tangsteni, yaleyale yanayotumika katika nyuzi za balbu za taa. Kwa waya huo aliweza kusikiliza chembe moja tu ya ubongo kati ya mamilioni. Kazi ya kuutengeneza ilikuwa ndefu, na alishindwa mara nyingi kabla haujafaa.

Mwaka 1958 vijana hao wawili wakakutana kwa mwalimu Kuffler. Walipanga kufanya kazi pamoja kwa muda mfupi. Wakaja kufanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 20.

KIVULI CHA KIOO

Walitumia paka, kwa kuwa paka huona vizuri na macho yake yote hutazama mbele kama yetu. Walimpa dawa ya usingizi asisikie maumivu, wakaingiza ule waya kisogoni, wakauunganisha na spika. Chembe ya ubongo ikishtuka, spika hutoa mlio.

Mwalimu wao alikuwa ameonyesha mwaka 1953 kwamba chembe za retina hushtushwa na madoa ya mwanga. Basi nao wakaanza kumwonyesha paka madoa. Walikuwa na vioo vyembamba vyenye doa jeusi, wakavichomeka kwenye mashine ya kurusha picha. Doa hapa, doa pale. Chembe ilikaa kimya, au ilitoa mlio mmoja mmoja usio na maana. Saa zikapita.

Ghafla, walipokuwa wakichomeka kioo kimojawapo, spika ikalia mfululizo kama bisi zinazopasuka chunguni! Wakadhani ni lile doa. Wakalirudisha, lakini doa peke yake halikufanya kitu. Wakahangaika mpaka wakagundua. Haikuwa doa. Ilikuwa ni kivuli cha ukingo wa kioo, mstari mwembamba uliopita mbele ya paka wakati kioo kinaingia. Chembe ile ilitaka mstari, tena mstari ulioinama kwa namna moja tu. Ukiugeuza ukalala upande mwingine, chembe inanyamaza.

Hapo mlango ukafunguka. Waligundua kwamba chembe za ubongo zimegawana kazi. Nyingine hungoja mstari uliosimama, nyingine mstari uliolala, nyingine mstari unaotembea kwenda upande fulani. Nyingi husikiliza macho yote mawili. Kutokana na vipande hivyo vidogo ubongo hujenga mti, mbuzi, au uso wa mtu.

Wanakisomo, jambo hili mnalijua vizuri kuliko wengi. Mlipoanza kusoma, mlianza na vipande. Mstari uliosimama na kitumbo chini ilikuwa b. Mkaweka a, ikawa ba. Mkaongeza, ikawa baba. Ubongo nao husoma dunia kwa namna hiyo, kwa silabi za mistari.

SHAMBA LISILOLIMWA

Sasa tunalifikia lile swali la mama wa Kibondo. Madaktari wa macho walikuwa wakijua kwa muda mrefu jambo la ajabu. Mtu mzima akipata mtoto wa jicho, hata akikaa nalo miaka, ukimpasua anaona tena. Lakini mtoto aliyezaliwa nalo, akipasuliwa amechelewa, haoni vizuri hata jicho likiwa safi. Kwa nini?

Hubel na Wiesel waliamua kulichunguza. Walichukua watoto wa paka, wakafunga kope za jicho moja tangu siku za mwanzo za maisha yao. Baada ya miezi miwili mitatu wakalifungua. Jicho lilikuwa zima. Mboni nzima, lenzi nzima, retina nzima. Lakini paka hakuona kwa jicho hilo. Waliposikiliza chembe za kisogoni, karibu zote zilijibu jicho moja tu, lile lililokuwa wazi. Lililofungwa lilikuwa limepoteza karibu nafasi yake yote. Kisha wakafunga jicho la paka mkubwa kwa miezi mingi. Walipolifungua, liliona kama kawaida.

Waliandika matokeo hayo mwaka 1963. Ni kama shamba, ndugu wasomaji. Macho mawili ni majirani wawili waliogawiwa shamba moja kwenye ubongo. Katika miaka ya mwanzo mipaka haijawekwa. Kila mmoja hupata sehemu yake kwa kulima. Mmoja akilala, jirani yake husogea, hulima, hupanda, na mwisho shamba lote ni lake. Yule aliyelala akiamka na jembe lake jipya, hana pa kulima. Lakini mtu mzima ameshapimiwa shamba na kuwekewa mawe ya mpaka. Hata akisafiri mwaka mzima, akirudi analikuta.

Basi hilo ndilo jibu, mama. Daktari alilirudisha jembe. Shamba lilikuwa limekwisha kuchukuliwa.

Yako maswali ya haki kuhusu wale paka. Watu wengi wameyauliza, na leo utafiti wa kutumia wanyama hupimwa kwa sheria kali zaidi kuliko zamani. Lakini ni vema tujue pia matunda yake. Matokeo hayo yaliwapa madaktari sababu ya kuacha kungoja mtoto akue. Walianza kuwapasua watoto mapema, katika miezi ya mwanzo ya maisha. Mwaka 1981 Hubel na Wiesel walipewa tuzo ya Nobel ya udaktari, pamoja na mtaalamu mwingine wa ubongo aliyeitwa Roger Sperry. Hubel alifariki mwaka 2013. Wiesel, yule mtoto aliyependa michezo, alitimiza miaka 100 mwaka 2024.

MSIMU UKIPITA, KUNA LA KUFANYA?

Mkulima akichelewa kupanda maharage, je, aliache shamba? La. Huenda akapata debe moja badala ya gunia, lakini debe ni chakula.

Mtaalamu mmoja wa ubongo, Pawan Sinha, ni mzaliwa wa India anayefundisha Marekani. Aliporudi nyumbani India aliona watoto wengi vipofu ambao wangeweza kutibiwa. Akaanzisha mpango wa kuwatibu, na hapohapo kujifunza kutoka kwao jinsi ubongo unavyoanza kuona. Mpango huo unaitwa Prakash, maana yake mwanga.

Mwaka 2011 yeye na wenzake waliandika habari za watoto watano, wa umri wa miaka 8 hadi 17, waliozaliwa hawaoni wakapasuliwa. Mtoto alipewa kitu akipapase bila kukitazama. Kisha akaonyeshwa vitu viwili, achague kipi alichokipapasa. Siku za kwanza alikuwa anabahatisha tu. Mkono uliujua umbo, lakini jicho halikulitambua. Baada ya siku chache za kutazama dunia, wakaanza kupatia.

Kwa hiyo tusimkatie tamaa mtoto aliyechelewa. Apelekwe. Anaweza kupata uwezo wa kutembea peke yake, kukwepa shimo, kutambua watu. Lakini yule aliyechelewa hapati yote ambayo angeyapata mapema. Na likiwa ni jicho moja, kama la yule mtoto wa Kibondo, huwa vigumu zaidi, kwa sababu jirani yupo na ameshalima.

NA SISI TULIOJIFUNZA KUSOMA UKUBWANI?

Huenda msomaji mmoja wa Kasulu anajiuliza, "Kama ubongo hufunga milango, mimi nilijifunzaje kusoma nikiwa na miaka 50?" Swali zuri sana.

Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Stanislas Dehaene wa Ufaransa, ambaye naye alianzia kwenye hesabu, kilichunguza watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Kati yao 10 hawakujua kusoma, 31 walisoma utotoni, na 22 walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, kama ninyi. Walipimwa kwa mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Ilionekana kwamba anayejua kusoma ana sehemu ndogo, upande wa kushoto chini kuelekea nyuma, inayowaka anapoona maandishi. Na wale 22 waliojifunza ukubwani nao walikuwa nayo!

Kwa hiyo kisomo hakikubadilisha maisha yako tu. Kimebadilisha hata ubongo wako. Tofauti ni hii: kuona ni msingi, na herufi ni ukuta. Ukuta unaweza kuujenga hata uzeeni, mradi msingi upo. Msingi wa kuona hujengwa utotoni.

HALI KWETU TANZANIA

Mwaka 2005 wataalamu walitoa taarifa juu ya watoto wa Tanzania waliofikishwa hospitali kwa ajili ya mtoto wa jicho. Waliona kwamba wazazi wengi walikuwa wameliona tatizo mapema, lakini watoto walifika wamechelewa sana, wengine kwa miaka. Kukaa mbali na hospitali kulikuwa miongoni mwa sababu. Hatuna haja ya kuambiwa hilo sisi wa Kibondo na Kasulu. Kutoka kwetu mpaka hospitali kama KCMC ya Moshi au CCBRT ya Dar es Salaam ni safari ya kupanga, na nauli haiokotwi njiani. Kwa sababu hiyohiyo, siku zinazopotea kwa kungoja "akue kwanza" ni siku ambazo hatuwezi kuzimudu.

Liko jambo jingine linalotuhusu karibu zaidi. Pale Kabanga, Kasulu, watoto wengi wenye ualbino walipewa hifadhi na masomo baada ya mauaji ya miaka ya 2007 na 2008. Walimu wao wanajua kwamba watoto hao huona kwa shida na macho yao hucheza. Wataalamu wa ubongo wameeleza sababu. Kwa kawaida karibu nusu ya nyuzi za neva ya kila jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Kwa mwenye ualbino, nyuzi zinazovuka ni nyingi kuliko kawaida, na retina yake haikukamilika katikati. Hakuna laana wala mkosi hapo. Ni nyuzi tu zimepita njia nyingine. Mtoto huyo aketi mbele darasani, asiangaliane na jua, apate kofia, na apimwe miwani. Akishindwa kusoma ubaoni, asiitwe mjinga.

TUFANYE NINI?

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Somo lisilotoka nje ya darasa halina faida. Basi tutoke na haya:

1. Mtoto akizaliwa, mtazame macho kwenye mwanga wa mlangoni, kisha mtazame tena kila mwendapo kliniki. Mboni zote mbili ziwe nyeusi.

2. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata wa jicho moja, nenda zahanati wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huua isipotibiwa mapema. Usiulize mavuno.

3. Mtoto akifikisha miezi mitatu hafuati uso wa mama kwa macho, au macho yake yanacheza, au ana makengeza yasiyoisha, au jicho ni kubwa kuliko la mwenzake na linakimbia mwanga, mpeleke pia.

4. Omba barua ya rufaa. Si kila hospitali inapasua macho ya mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito hutakiwa apasuliwe akiwa na wiki chache, kabla ya miezi mitatu. Kijiji kimsaidie mzazi nauli kama kinavyosaidia msibani.

5. Usitie jichoni maji ya majani, wala maziwa, wala dawa ya jirani. Hayaondoi ukungu wa ndani, na yanaweza kuliozesha jicho.

6. Baada ya upasuaji kazi ndiyo inaanza. Mtoto hupewa miwani. Pengine daktari ataagiza jicho zima lizibwe saa kadhaa kila siku, ili lile jingine lipate zamu ya kulima. Mtoto atalia, bibi atamhurumia na kuizibua. Bibi tumweleze sababu.

7. Mpeleke mtoto chanjo na matone ya vitamini A. Surua, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, huharibu kioo cha mbele cha jicho. Rubela, ikimpata mama mjamzito, inaweza kumfanya mtoto azaliwe na mtoto wa jicho. Tangu mwaka 2014 Tanzania huchanja surua na rubela pamoja.

Yule mtoto wa njia ya Mabamba sasa yuko shuleni. Anasoma kwa jicho lake la kushoto, na anasoma vizuri. Alipozaliwa mdogo wake, mama alimbeba siku ya tatu tu, akampeleka mlangoni kwenye mwanga, akamfunua macho, akatazama. Mboni zilikuwa nyeusi zote mbili. Hata hivyo alimpeleka zahanati, akahakikishe. Sisi tulimwambia angoje mavuno. Yeye sasa ndiye anayetufundisha.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mboni: tundu jeusi katikati ya jicho ambamo mwanga hupita.
Lenzi: sehemu ya ndani ya jicho inayokusanya mwanga.
Retina: utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.
Neva: uzi wa mwilini unaopeleka habari kwenye ubongo.
Mtoto wa jicho: ukungu katika lenzi.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa barua.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Jicho na ubongo hugawanaje kazi ya kuona?
2. Kwa nini mtu mzima mwenye mtoto wa jicho anaweza kungoja, lakini mtoto mchanga hawezi?
3. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya mtoto mwenye weupe jichoni? Maneno gani ni ya kweli, na yapi yanachelewesha?
4. Zahanati ya karibu iko umbali gani? Mzazi asiye na nauli ya rufaa asaidiweje? Andikeni azimio moja la kikundi, mlipeleke kwenye mkutano wa kijiji.